"Si wote wa baharini, fundi?"

Jumamosi niliitwa Ilazo, hapa Dodoma. Tangi la samaki wa baharini la lita 200, kipimo cha chumvi 1.025, joto 26, vyote sawa, maji yanang'aa, na samaki wawili mapezi yameliwa. Mama mwenye nyumba akanionyesha mkosaji, kikande mdogo wa ukubwa wa kiganja, halafu akalisema lile neno: "Lakini fundi, si wote wa baharini?" Nimelisikia mwaka huu mpaka masikio yamechoka. Naliandika leo, nikiulizwa tena nitume kiungo tu.

Fisi na mbuzi wote ni wa Bahi. Mbona huwafungi zizi moja?

Baharini anayefukuzwa hukimbia, anapotelea kwenye matumbawe, ugomvi umekwisha. Sebuleni kwako akikimbia anagonga kioo, anageuka, anakutana na yule yule. Ugomvi wa sekunde tano unageuka wa wiki nzima.

Chewa na mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, sina maneno mengi: kinachoenea mdomoni huliwa, na mkunga anangoja uzime taa. Bunju hutafuna mapezi. Kitatange wengi hula matumbawe hai, kwa hiyo mwache dukani. Tuendelee.

Kinachoniudhi hasa ni "huyu mdogo, hana madhara." Nimemwona samaki damseli wa bluu, hazidi kidole, akimbana samaki mwenzake, kangaja, nyuma ya pampu siku nne, kangaja aliyesafiri zaidi ya kilomita 400 kutoka Dar ndani ya mfuko wa oksijeni. Samaki hawa wanagombea eneo, na aliyetangulia ameshajimilikisha. Wapole waingie kwanza, wakorofi mwisho. Mkorofi akiwa ndiye mwenyeji, panga mawe upya siku unayoleta mgeni. Mwenyeji naye ajikute hajui njia.

Sasa yule wa chungwa mwenye mistari myeupe, ambaye kila mtoto anamlilia. "Niwekee watano, wasiwe wapweke." Bosi, hawa wote huanza wakiwa madume. Anayewazidi wote hugeuka jike, anayemfuata anakuwa mume, waliobaki hukandamizwa. Wakikomaa kwenye tangi dogo, wa tatu hupigwa hata afe. Chukua wawili wachanga, mmoja amzidi mwenzake umbo. Upweke ni wa kwako, si wake.

Nikiri lakini: kanuni zangu huvunjika. Kikande wa Ilazo nimeondoka naye kwenye ndoo. Ila kuna mwenzake, ofisi moja pale mjini, anaishi na kamba wanne mwaka wa pili sasa, na kamba ni chakula chake kabisa. Hajagusa hata mmoja. Labda anashiba, labda ndivyo alivyoumbwa; nimekosa jibu. Kila nikienda kuosha kichujio, kabla sijavua koti, nawahesabu kwanza wale kamba.