"Mmyuti tu" si jibu

Jumamosi moja ya Agosti, shule zimefungwa na kila mtoto mwenye bando yuko hewani, msichana mmoja aliniandikia saa tano usiku. Alikuwa amecheza Call of Duty Mobile na wenzake watatu wa kundi letu, wakashindwa, na mmoja wao akamgeukia kwenye maiki. Alianza na uchezaji wake, akahamia kwenye umbo lake, akamalizia na kabila lake. Yaliyofuata kwenye chati yalikuwa mabaya zaidi, na msichana alikuwa na skrinshoti sita. Mimi nilikuwa kwenye matatu nikitoka Maseno, macho mazito, nikamjibu kwa maneno mawili: "Mmyuti tu," yaani aizime sauti yake. Akasema, "Sawa, asante." Jumatano nilipomtafuta hakuwa kwenye seva tena.

Huu ni mwaka wangu wa saba nikisimamia wachezaji hapa Kisumu. Mchana natengeneza kompyuta Kondele. Jioni nafungua seva ya Discord, programu ya gumzo ya wachezaji, na makundi mawili ya WhatsApp yenye watu wa hapa, wa Kakamega, wa Busia, na kundi zima la watu wa Nakuru ambao hadi leo sijui waliingiaje. Maadmini wapya huniuliza wafanye nini mtu akitukanwa, na kila nikitaka kujibu namkumbuka yule msichana.

Kumyuti mtu kunaziba masikio ya anayemyuti, basi. Wengine wote bado wanamsikia, na mwenyewe hapati habari kwamba amevuka mpaka. Isitoshe, kwenye gemu ya kikosi maiki ni sehemu ya mchezo: mwenzako ndiye anayekuambia adui amepanda ngazi ipi. Ukimzima unacheza kiziwi, unakufa mapema, halafu unatukanwa kwa kufa mapema. Usiku ule nilimtwika aliyeumizwa kazi ambayo mimi ndiye niliyejitolea kuifanya. Siku hizi nahesabu hivi: malalamiko yakishanifikia, mzigo ni wangu, hata kama mwishowe nitaamua kwamba hakuna kosa lililofanyika.

"Lakini si ni utani tu?" Hili nalisikia kila wiki, na silipuuzi, kwa sababu mimi mwenyewe nimekulia kwenye mchongoano. Shule ya msingi tulisimama duara, wawili katikati, mmoja anasema kwenu mmesota hadi panya huingia na chakula chao, na mwalimu wa zamu anajifanya hasikii. Mchongoano una sheria ambazo hakuna aliyeziandika. Wawili wamekubali kuingia, wanapokezana zamu, watu wanawacheka wote wawili, na mmoja akiinua mikono mambo yamekwisha. Ninapoletewa chati nazitafuta sheria hizo. Je, walikuwa wakijibizana, au mmoja aliandika mara kumi na mbili na mwenzake akanyamaza baada ya mara ya pili? Kinachorushwa ni cha kubuni, au ni jambo la kweli, kifo cha baba, ugonjwa, shule aliyorudishwa nyumbani kwa sababu ya karo? Mtu akinyamaza nawe ukaendelea, huchongoani naye tena. Unamwandama.

Kuna matusi ambayo hayasubiri kurudiwa mara ya pili. Wachezaji wengi wa hapa ni Waluo, ambao kwa desturi hawakuwa na jando la tohara, na kila anayecheza na vijana wa sehemu nyingine za nchi ameshasikia neno "kihii". Ni Kikuyu, mvulana asiyetahiriwa. Akiitwa hivyo mwanamume mwenye ndevu zake, si umri wake unaozungumziwa. Aprili 2022, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno inayoyahesabu kuwa ya chuki, na "kihii" lilikuwamo. "Madoadoa" pia, kwa ile maana lililobebeshwa na siasa za Bonde la Ufa, ya watu wa kabila jingine wanaopaswa kuondolewa. Nilifurahi. Mwaka huohuo Discord ilikuwa imeleta kichujio kinachozuia ujumbe kabla haujaonekana, nikaimimina orodha yote humo na kwenda kulala.

Haikupita wiki kabla kichujio hakijamzuia kijana aliyekuwa akisifu bunduki yake mpya iliyochorwa madoadoa ya chui. Waliotaka kutukana, kwa upande wao, walikuwa wameshahamia kwenye "k1hii", na baada ya hapo wakawa wanatuma emoji ya wembe peke yake. Kila mtu alielewa isipokuwa kichujio. Na tusijifanye malaika: vijana wetu nao wana "jamwa" lao, neno la Dholuo la mtu asiye Mluo, na ukisikia linavyotamkwa baada ya mechi kupotea huhitaji mkalimani.

Kwa hiyo tukaacha kutegemea orodha, tukaongeza watu. Sasa tuko wasimamizi watano, na tulipochaguana hatukuangalia nani mchezaji hodari. Tuliangalia lugha. Mmoja anasikia Kibukusu, mmoja Kikuyu, mmoja Kikalenjin, wawili Dholuo, na Sheng tunaidai sote ingawa watoto wa gredi ya nane hutuacha nyuma kila muhula. Kampuni za gemu zenyewe zitachelewa kutufikia. Activision ilipoanza kusikiliza gumzo la sauti kwa kompyuta kwenye Call of Duty, Agosti 2023, ilianzia Amerika Kaskazini kwa Kiingereza, baadaye ikaongeza Kihispania na Kireno. Riot Games ilipoanza kurekodi sauti za Valorant kwa kazi hiyohiyo mwaka 2022, nayo ilianzia huko na kwa lugha hiyo. Mtu anayetukana kwa Sheng iliyotiwa Dholuo atasikilizwa na mimi, au hatasikilizwa na yeyote.

Jambo moja la Riot limenisaidia sana hata hivyo. Walipochunguza wachezaji wao wa League of Legends waligundua kwamba sehemu kubwa ya matusi haikutoka kwa wakorofi wa kudumu. Ilitoka kwa watu wa kawaida waliokuwa na siku mbaya. Nikiangalia daftari langu naona vivyo hivyo. Mechi inachezwa kwenye seva iliyoko Ulaya, pingi (muda wa mawasiliano kwenda na kurudi kwenye seva) imepanda, stima inapotea dakika ya mwisho, wenzake wanadhani amekimbia, na kijana mpole ambaye hunisalimia kila asubuhi anaandika sentensi ambayo mama yake angezimia akiisoma. Mtu wa namna hiyo simfukuzi. Namfungia kuandika kwa saa ishirini na nne (Discord inaruhusu hadi siku 28), kisha namtumia faraghani sentensi yake mwenyewe, neno kwa neno, bila mahubiri. "Umeandika hivi, saa hizi, kwa mtu huyu." Wengi hujibu "aki nilikuwa na hasira." Onyo lisilotaja kosa halimfundishi mtu kitu, atabaki akiamini ni wivu wa admini.

Sasa ushahidi, na hapa nawaomba maadmini wapya wasome taratibu, kwa kuwa hapa ndipo tunapoharibu kazi kwa nia njema. Ukiona tusi, mkono unawasha kulifuta. Subiri. Kumbukumbu za usimamizi za Discord hukaa siku 45 tu, na hazihifadhi maneno ya ujumbe uliofutwa. Tena, unapompiga mtu bani, yaani kumfungia nje ya seva, Discord hukuuliza kama ufute na ujumbe wake wa hadi siku saba zilizopita. Nimewahi kubonyeza ndiyo. Jioni ile nilifuta kwa mkono wangu kila kitu ambacho aliyenyanyaswa angeweza kupeleka popote. Piga picha kwanza, saa na tarehe zionekane, nakili namba ya utambulisho wa akaunti, kwa sababu jina hubadilishwa kila siku na namba haibadiliki. Ndipo ufute. WhatsApp ni ngumu zaidi: aliyetuma anaweza kufuta kwa wote hata baada ya siku mbili, kwa hiyo tusi la saa nne usiku huwa halipo kunapokucha, na aliyetukanwa anaonekana mwongo.

WhatsApp ina tatizo jingine ambalo wanaoandika miongozo ya Marekani hawalioni, kwa sababu wachezaji wao hawakutani. Wetu hukutana. Waliogombana usiku kwenye PUBG hupishana kesho yake soko la Kibuye, au hukaa benchi moja wakingoja zamu ya PlayStation. Na kwenye kundi la WhatsApp kila mwanachama anaiona namba ya simu ya mwenzake. Ada ya mashindano ikitumwa kwa M-Pesa kwenye simu ya mtu, mpokeaji anapata na jina lililosajiliwa. Namba, jina, mtaa: hapo mnyanyasaji hahitaji gemu tena. Nimemwona mchezaji akipigiwa simu saa nane za usiku na watu asiowajua kwa sababu alimfunga mtu mabao matano kwenye eFootball. Tangu hapo usajili wetu unapita Discord, ada anapokea mtu mmoja tu, na orodha ya malipo haibandikwi mahali popote. Kumpa mtu namba ya mwenzako bila ruhusa, kwetu, ni kosa zito kuliko tusi lenyewe, na mara ya kwanza ndiyo ya mwisho.

Nani aamue? Kuna kisa ambacho ni cha kale kuliko wengi wa wachezaji wangu. Mwaka 1993, kwenye LambdaMOO, ulimwengu wa maandishi matupu uliokaa kwenye kompyuta ya Xerox huko California, mchezaji aliyejiita Mr. Bungle alitumia programu kuwateka wahusika wa wenzake na kuandika kana kwamba wanatenda machafu mbele ya watu. Wasimamizi, walioitwa wachawi, walikuwa wameshatangaza kwamba hawataingilia tena ugomvi wa wanajamii. Watu wakakutana, wakabishana kwa saa kadhaa, hawakuafikiana. Baadaye mchawi mmoja akaamua peke yake, akamfuta. Mwanzilishi, Pavel Curtis, aliporudi safarini aliwawekea utaratibu wa kura. Naye Mr. Bungle alirudi, akijiita Dr. Jest.

Kila nikisimulia hicho kisa mtu huuliza kama yule mchawi alikosea. Sidhani. Waliokosea ni waliojiondoa mapema, wakaacha pengo ambalo lilimlazimu mmoja kulijaza usiku akiwa peke yake. Kwetu bani ya kudumu inahitaji wasimamizi wawili, na hakuna anayehukumu kesi ya rafiki yake. Dharura ni tofauti: kwanza fungia, kisha jadili.

Mtu mzima anayemfuata mtoto faraghani hatujadili naye. Tunamfungia, tunahifadhi kila kitu, tunamtafuta mzazi, na tunampa namba 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto. Vitisho vya kuua au kubaka navyo havimalizwi na admini. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kifungu cha 27, inautaja unyanyasaji wa mtandaoni kuwa kosa lenye faini ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka 10. Kazi yangu hapo ni kumsindikiza mlalamishi hadi kituo cha polisi, picha zikiwa zimechapwa kwenye karatasi, na kutoondoka mpaka apewe namba ya OB, kitabu cha matukio.

Kuhusu sisi wenyewe nitasema kidogo. Waangalizi wa maudhui wa Nairobi, waliokuwa wakichuja machapisho ya Facebook, walipokwenda mahakamani mwaka 2023, watu wengi walishangaa kwamba kusoma kunaweza kumwumiza mtu. Mimi sikushangaa. Tunapokezana kwa wiki, na ambaye si zamu yake anazima arifa. Mke wangu ndiye aliyeitunga hiyo kanuni.

Yule msichana nilimwandikia baada ya miezi miwili, nikamwomba radhi. Aliyemtukana alikuwa bado yuko kwenye kundi wakati huo, akicheza kila usiku. Nilimshughulikia kwa skrinshoti zilezile sita, akapata siku 28, akatoka kwa hasira na hajarudi. Msichana alinijibu kwamba siku hizi anacheza kwa jina la kiume na maiki haifungui.

Kwa sasa nina rufaa tatu mezani. Mbili nimezikataa. Ya tatu ni ya kijana wa Nyalenda aliyepigwa bani kwa "jamwa" na vitisho, na anadai siku ile akaunti ilikuwa na kaka yake. Msimamizi mwenzangu anasema huo ni uongo wa kawaida. Huenda ni uongo. Lakini nimeulizia, na kweli kwao simu ni moja, inazunguka kati ya ndugu watatu, na ujumbe wa siku ile una makosa ya tahajia ambayo huyu hajawahi kuyafanya. Nimemwambia anipe hadi Ijumaa, na kaka yake aje naye Kondele.