Kiwango cha moshi wa pikipiki ni nini?

Pikipiki inaweza isitoe moshi wowote unaoonekana na bado ikawa chafu. Kaboni monoksidi, sumu inayowaua watu waliofungia jiko la mkaa chumbani, haina rangi wala harufu. Ndiyo maana kiwango cha moshi hakipimwi kwa macho. Ni sheria inayotaja gramu ngapi za kila gesi yenye madhara zinaruhusiwa kutoka kwenye ekzosi kwa kila kilomita. Pikipiki hupandishwa kwenye mtambo wa kuviringisha gurudumu, ikaendeshwa palepale kwa kuondoka, kukaza mwendo na kusimama, huku moshi wake ukikusanywa na kupimwa.

Tuchukue India, zinakotengenezwa Boxer na TVS ambazo madereva wetu wa bodaboda wanazifahamu. Tarehe 1 Aprili 2020 nchi hiyo iliruka kutoka ngazi ya 4 ya kiwango chake, Bharat Stage, hadi ngazi ya 6 moja kwa moja. Kikomo cha pikipiki kikawa gramu 1 ya kaboni monoksidi na gramu 0.06 za oksidi za naitrojeni, gesi nyingine zenye madhara, kwa kilomita. Kabureta ya kawaida, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, ikashindwa. Petroli huungua vizuri ikichanganyika na hewa yenye uzito wake mara 14.7 hivi: petroli ikizidi, kaboni monoksidi hupanda, na hewa ikizidi kidogo, oksidi za naitrojeni ndizo hupanda. Katalista, chombo kinachosafisha gesi ndani ya ekzosi, hufanya kazi yake yote pale tu uwiano huo unaposhikwa barabara. Kabureta haiwezi kuushika wakati wote. Injekta, kifaa kinachopuliza petroli kwa kuongozwa na kompyuta, inaweza, hivyo watengenezaji wengi wakahamia huko.

Hapa ndipo watu huchanganya mambo mawili. Kiwango cha matumizi ya mafuta ni sera nyingine. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dioksidi, kwa hiyo kupunguza gesi hiyo ni kupunguza petroli inayochomwa. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa lita huishinda gari ndogo kwa mbali. Lakini ikiwa haina katalista, kaboni monoksidi yake kwa kilomita inaweza kuzidi ya gari hilohilo. Serikali inayosifu pikipiki kwa kunywa mafuta kidogo, ikaishia hapo, imewasahau wanaovuta hewa ya barabarani, na wa kwanza wao ni dereva mwenyewe, anayeshinda kwenye foleni nyuma ya ekzosi za wenzake.

Kuna sehemu moja ambapo faida hizo mbili hukutana waziwazi: injini za zamani zinazochanganyiwa oili kwenye petroli. Sehemu ya petroli yao hutoka nje bila kuungua kabisa. Kuziondoa hupunguza moshi na hela ya mafuta kwa pamoja.

Kiwango kipya, hata hivyo, hugusa pikipiki mpya tu. Zilizoko barabarani zinahitaji ukaguzi na matengenezo: ea klina iliyoziba huinyima injini ya kabureta hewa, petroli ikazidi kwenye mchanganyiko, na dereva akalipia hilo kila siku kwenye kituo cha mafuta.