VA nyingi hazimaanishi umeme wa muda mrefu

Wengi wanaonunua UPS (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika) kwa ajili ya seva ndogo ya kuhifadhia picha na mafaili nyumbani huamini kwamba VA (volti-ampia) zikiwa nyingi, itadumu zaidi umeme ukikatika. Inaeleweka, maana namba hiyo ndiyo huandikwa kubwa kwenye boksi.

VA hueleza mzigo ambao kifaa kinaweza kubeba kwa wakati mmoja, tena si sawa na wati: UPS nyingi za bei nafuu za VA 1000 hubeba wati 600 hivi. Muda hutokana na betri. Soma ubavuni mwake: volti 12, Ah (ampia-saa) 7. Zidisha, unapata wati-saa 84, na sehemu yake hupotea umeme ukigeuzwa. Seva na ruta vikila wati 40, usitegemee kufika saa mbili, hata betri ikiwa mpya.

Mimi ningetazama kwanza tundu la USB. Kupitia waya huo UPS huiarifu seva ijizime yenyewe kabla betri haijaisha, na hapo ndipo mafaili hunusurika. Angalia kama mtengenezaji wa seva ameiorodhesha modeli hiyo ya UPS kati ya zinazoelewana na seva yake, kisha siku moja, seva ikiwa haina kazi, chomoa plagi ya UPS ukutani uone kama seva itajizima.