Uzamivu wa muuguzi wa usingizi: ni udaktari gani huo?

Neno "daktari" kwa Kiswahili limebeba mizigo miwili. Ni tabibu anayekutibu, na ni msomi aliyefika shahada ya juu kabisa. Ndiyo maana mtu akisikia kwamba siku hizi Marekani muuguzi haanzi masomo ya usingizi ila kwa kusomea shahada ya udaktari, hudhani wauguzi hao wamegeuzwa kuwa matabibu. Sivyo. Wanabaki wauguzi, na leseni yao ni ya uuguzi. Kilichopanda ni ngazi ya masomo, na ngazi hiyo ina maana yake mahususi.

Kwanza kazi yenyewe. Wazee wetu waliiita nusukaputi. Hospitalini watu husema usingizi, na ile ya kufisha sehemu moja ya mwili ndiyo ganzi. Mgonjwa wa nusukaputi halali kama alalavyo nyumbani. Akishapewa na dawa ya kulegeza misuli, hata kifua hakiinuki chenyewe. Kuanzia hapo pumzi yake iko mikononi mwa mtu mwingine, ambaye humpitishia mpira kwenye njia ya hewa, hutazama presha, mapigo ya moyo na hewa chafu inayotoka mapafuni, huongeza dawa hii na kupunguza ile, mpaka mshono wa mwisho ufungwe na mgonjwa afumbue macho. Mpasuaji ameinamia kidonda. Huyu anamtazama mtu mzima, kichwa hadi miguu, wala haruhusiwi kumpa kisogo.

Marekani kazi hiyo hufanywa zaidi na makundi mawili: madaktari bingwa wa usingizi, na wauguzi waliobobea, wajulikanao kwa herufi CRNA, cheo kilichoanza 1956. Wauguzi walikuwamo tangu karne ya 19. Aliye maarufu zaidi ni Alice Magaw wa hospitali ya St. Marys, mjini Rochester, Minnesota, aliyefanya kazi na wapasuaji ndugu wa ukoo wa Mayo. Aliwalaza wagonjwa kwa etha, tone baada ya tone juu ya kitambaa kilichofunika pua na mdomo, huku akisema nao kwa upole ili wasihangaike na wasihitaji dawa nyingi. Mwaka 1906 alichapisha taarifa ya wagonjwa zaidi ya 14,000 aliowalaza, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa sababu ya usingizi. Mimi nikiisoma hesabu hiyo na kukumbuka kwamba hakukuwa na mashine ya kumwonyesha kiwango cha oksijeni, ila macho yake, masikio na kidole juu ya mshipa, namstahi sana.

Swali la kazi hii ni ya nani lilifika hadi mahakamani. Mwaka 1936 Mahakama ya Juu kabisa ya jimbo la California iliamua, katika kesi iliyomhusu muuguzi Dagmar Nelson, kwamba muuguzi anayetoa usingizi chini ya maelekezo ya mpasuaji hafanyi udaktari kinyume cha sheria.

Kumbe basi shahada ndizo zilizokuja nyuma ya kazi. Kwa miaka mingi mafunzo yalikuwa ya cheti, hospitalini. Kufikia 1998 vyuo vyote vya usingizi kwa wauguzi vilitakiwa kutoa shahada ya uzamili. Mwaka 2007 chama chao cha kitaifa kiliunga mkono kwamba anayeingia kwenye taaluma awe na shahada ya udaktari, na tangu Januari 1, 2022, mwanafunzi yeyote anayeanza katika chuo kilichoidhinishwa anaanza moja kwa moja kwenye ngazi hiyo. Waliohitimu zamani kwa uzamili au cheti hawakunyang'anywa chochote. Wanaendelea na kazi.

Sasa, udaktari upi? Kiswahili kina neno zuri, uzamivu, na mzamivu ni yule anayezama baharini kutafuta lulu. Anayesoma PhD ni mzamivu hasa: huzama kwenye swali moja ambalo halijapata jibu, akaibuka na tasnifu yenye maarifa mapya. Wengi wa wauguzi wa usingizi hawasomi hiyo. Wanasoma udaktari wa utendaji, ama DNP, ambao ni wa uuguzi kwa ujumla, ama DNAP, uliotungwa kwa ajili ya usingizi peke yake. Badala ya tasnifu wanafanya mradi: wanachukua tatizo lililopo hospitalini, tuseme wagonjwa kuamka wakitapika au kutetemeka kwa baridi, wanasoma tafiti zilizokwishafanywa, wanabadilisha utaratibu na kupima kama hali imekuwa nafuu. Huyu hatafuti lulu mpya. Anahakikisha zile zilizokwishapatikana zinamfikia mgonjwa.

Kuingia si rahisi. Mtu awe na shahada ya kwanza, leseni ya muuguzi aliyesajiliwa, na angalau mwaka mmoja wa kazi katika wodi ya wagonjwa mahututi. Wengi huwa na zaidi. Sharti hilo la mahututi ndilo ninaloliona la busara kuliko yote, kwa kuwa asiyewahi kukesha na mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia atajifunzia wapi kutambua hatari kabla kengele haijalia? Kisha masomo yasiyopungua miezi 36, saa za mafunzo kwa vitendo zisizopungua 2,000, na wagonjwa wasiopungua 600 aliowahudumia mwenyewe chini ya usimamizi, wakiwamo watoto, wazee na kina mama wajawazito. Mwishoni kuna mtihani wa taifa.

Wapo wanaolalamika kwamba miezi iliyoongezwa imeongeza ada na deni, na kwamba aliyefuzu kwa uzamili alikuwa salama vilevile. Kilio cha deni ni cha haki, maana masomo haya hayaachi nafasi ya kufanya kazi ya kutwa, na anayeumia zaidi ni mwenye familia inayomtegemea. Lakini dawa zimeongezeka, wagonjwa wanapasuliwa wakiwa wazee na wenye maradhi matatu manne kwa pamoja, na katika hospitali nyingi za vijijini Marekani muuguzi huyu ndiye mtoa usingizi pekee. Mtu wa namna hiyo anastahili kufunzwa kuzisoma tafiti mwenyewe bila kungoja kusomewa.

Kwa wauguzi wetu walio huko, au wanaojiandaa kwenda, kuna jambo linalowaumiza wengi. Kenya, kwa mfano, hospitali ya AIC Kijabe imekuwa ikifunza wauguzi kutoa usingizi, na wahitimu wa mafunzo hayo hufanya kazi nzito kwelikweli. Hata hivyo cheti hicho hakimfungulii mtu mlango wa CRNA. Ataanza kwa mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani, apate kazi, aingie wodi ya mahututi, halafu aombe nafasi chuoni kama mwanafunzi mpya, hata kama nyumbani alikwisha kuwalaza na kuwaamsha salama mamia ya kina mama waliojifungua kwa upasuaji.