Ugonjwa wa Wilson na ini la kupandikizwa: maswali ya wagonjwa na majibu

Katika ugonjwa wa Wilson, shaba hujirundika kwenye ini. Inaingiaje humo? Ni ya sufuria?

Hapana, ni ya chakula. Korosho, maini, maharage na pweza vyote vina shaba, na mwili unaihitaji kidogo. Inayozidi, ini huitupa kwenye nyongo, ikatoka na choo. Jeni inayosimamia kazi hiyo huitwa ATP7B, nayo iligunduliwa mwaka 1993. Aliyerithi nakala mbovu kwa baba na nyingine mbovu kwa mama hana njia ya kuitoa. Shaba hujirundika tangu utotoni, na ini likifurika huvujia kwenye damu, ubongo na macho. Daktari Kinnier Wilson wa London aliueleza ugonjwa huu mwaka 1912, ndipo ukabeba jina lake.

Unajitokezaje?

Kwa wengine ni tumbo kujaa maji na macho kuwa ya manjano. Kwa wengine ini liko kimya, ila mikono inatetemeka, mate yanachuruzika, maneno hayatoki vizuri. Mwalimu anaweza kuwa wa kwanza kugundua: daftari la Januari lina mwandiko uliosimama, la Agosti ni mikwaruzo mitupu. Hapo nyumbani wengine watasema mashetani, wengine uvivu. Mwombeni daktari wa macho amtazame kwa mashine yake ya mwanga. Mara nyingi ataona pete ya kahawia inayoelekea ukijani kuzunguka weusi wa jicho. Kisha hupimwa seruloplazimini, protini inayobeba shaba kwenye damu, na shaba kwenye mkojo uliokusanywa kwa saa 24.

Kila mgonjwa anahitaji ini jipya?

Hapana, na hili nalisema kwa sauti. Akiwahiwa, wengi huishi miaka mingi kwa vidonge: penisilamini, iliyoanza kutumika mwaka 1956, au trientini, ambazo hutoa shaba kwa mkojo, au zinki, inayozuia utumbo usiifyonze. Upandikizaji ni kwa yule ambaye ini limesinyaa na dawa hazimsaidii tena, au limezimika ghafla.

Huku kuzimika ghafla ndiko kunakotisha. Shaba humwagika kwenye damu kwa wingi na kupasua chembe nyekundu. Mkojo unakuwa kama chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi, figo zinafuata, mgonjwa anaanza kuweweseka. Hapo zinahesabiwa siku. Madaktari hujumlisha alama za vipimo vitano vya damu. Zikifika 11, hawategemei tena vidonge peke yake. Baadhi ya wanaofikia hapo walikuwa wakitumia dawa vizuri, wakaziacha kwa sababu walijiona wazima.

Na ini jipya halitajaa shaba tena?

Halijai. Ini lililopandikizwa linakuja na jeni za aliyelitoa, na kwa kuwa kazi ya kutoa shaba hufanyika humo humo kwenye ini, tatizo linaisha. Vidonge vya kupunguza shaba vinaachwa. Ila chembe nyingine zote za mwili bado zina jeni ya zamani, kwa hiyo kila mtoto utakayemzaa atarithi nakala moja mbovu kwako.

Mama yangu amebeba jeni hiyo. Anaweza kunipa ini?

Kwa kawaida anaweza. Nakala yake moja nzima inatosha kazi. Hukatwa kipande tu; kilichobaki kwake na kilichokwenda kwako hukua ndani ya wiki na miezi michache. Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki huenda India, na huko sheria ya mwaka 1994 inadai uthibitisho wa undugu, pamoja na barua ya ubalozi. Anzeni kutafuta vyeti vya kuzaliwa mapema, hasa kama majina hayafanani kwenye karatasi zote.

Baada ya operesheni nimepona kabisa?

Umepona shaba. Karibu wagonjwa 9 kati ya 10 huwa hai mwaka mmoja baadaye. Lakini utakunywa dawa za kuzuia mwili usilikatae ini, kama takrolimasi, maisha yako yote, kwa saa zile zile, na gharama yake ipangwe kabla ya tiketi ya ndege. Acha balungi, hupandisha dawa hiyo kwenye damu. Mitetemo ya mikono hupungua polepole kwa baadhi, kwa wengine hubaki, ndiyo maana madaktari bado wanabishana kama inafaa kupandikiza ini kwa ajili ya ubongo peke yake.

Mdogo wangu hana dalili yoyote. Tumwache?

Msimwache. Kwa baba na mama mmoja, uwezekano wake wa kuwa mgonjwa ni 1 kati ya 4. Apimwe damu, mkojo na macho, na ikiwezekana jeni. Akikutwa nao huanzishiwa dawa akiwa bado anacheza mpira, mara nyingi zinki, na huenda asihitaji kamwe kulala kwenye kitanda ulicholala wewe.