Je, wajua kwa nini Wasabato wa Tonga husali Jumapili?

Msabato wa Upare au Kisii akifika Nukuʻalofa, mji mkuu wa Tonga, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, akaamka Jumamosi na kwenda kanisani na Biblia yake kwapani, atakuta hakuna ibada. Ataambiwa arudi kesho. Kesho yake, Jumapili, Shule ya Sabato inaendelea kama anavyoijua nyumbani.

Ndugu hawa hawajaiacha siku ya saba. Wanaamini ndiyo wanayoitunza, na hoja yao iko kwenye ramani.

Dunia ina nyuzi 360, na jua huonekana kupita nyuzi 15 kila saa. Kwa hiyo ni lazima pawe na mahali ambapo tarehe inabadilika, na mahali hapo ni kwenye longitudo ya 180, katikati ya Pasifiki. Upande wa magharibi wa mstari ikiwa Jumapili, upande wa mashariki bado ni Jumamosi. Tonga iko mashariki, kwenye longitudo ya 175 Magharibi hivi. Kwa jua, ingepaswa kuhesabu siku pamoja na Marekani. Lakini wamisionari Wamethodisti walioleta Injili huko katika miaka ya 1820 walitokea upande wa Australia na kalenda ya huko, na visiwa vikaishika hadi leo. Mstari wa tarehe ukapindishwa kuizunguka Tonga.

Wasabato walikuja baadaye kutoka upande wa pili. Meli yao, Pitcairn, iling'oa nanga San Francisco mwaka 1890 ikazunguka visiwani. Kwao mstari wa haki ni ule ulionyooka wa 180, na kwa mstari huo siku ambayo Watonga wanaiita Jumapili ni Jumamosi. Ukitaka kulishika jambo hili vizuri, tazama Pago Pago, Samoa ya Marekani. Saa ya huko inatofautiana na ya Tonga kwa saa 24 kamili. Maana yake Wasabato wa Pago Pago wanaosali Jumamosi saa tatu asubuhi, na wa Nukuʻalofa wanaosali Jumapili saa tatu asubuhi, wamo ibadani wakati uleule hasa. Dar es Salaam muda huo ni saa tano usiku wa Jumamosi.

Matokeo yake yana uzuri wake: nchi nzima inapumzika siku moja. Katiba ya mwaka 1875 ya Mfalme George Tupou I inaagiza Sabato itunzwe kuwa takatifu, kwa hiyo Jumapili maduka yanafungwa na ndege hazitui. Watu wanakwenda kanisani wamejifunga taʻovala, mkeka laini unaozungushwa kiunoni juu ya nguo, kwa heshima ya Mungu na ya wakubwa. Nyimbo zinaimbwa kwa sauti nne, mara nyingi bila kinanda, na huhitaji kujua Kitonga ili zikuguse. Nyumbani chakula kinaivia ardhini juu ya mawe ya moto: magimbi, na lū, yaani nyama iliyofungwa ndani ya majani ya magimbi pamoja na tui la nazi. Mgeni hali peke yake.

Hata lugha yao inalijua hilo. Jumapili kwa Kitonga ni Sāpate, Sabato. Jumamosi ni Tokonaki, siku ya kutafuta chakula.

Samoa jambo hili liliumiza. Taifa hilo, ambalo si Samoa ya Marekani, lilivuka mstari kwa kuifuta Ijumaa ya tarehe 30 Desemba 2011: watu walilala Alhamisi wakaamka Jumamosi, ili siku zao za kazi zilingane na za Australia na New Zealand. Jua halikubadilika, majina ya siku yalibadilika. Uongozi wa Wasabato ukaamua kuendelea na hesabu ya zamani, kwa hiyo Sabato ikaangukia Jumapili kama Tonga. Baadhi ya waumini hawakukubali, wakabaki na siku inayoitwa Jumamosi. Watu waliokuwa wakisali pamoja kwa miaka wakajikuta na siku mbili tofauti za ibada.