Usafi wa Asilimia 99.9 Hautoshi: Namna Seli Zitokanazo na Seli Shina Zinavyochambuliwa

Mama anayepeta mchele kwenye ungo hapa Bagamoyo haulizwi amesafisha kwa asilimia ngapi. Changarawe moja ikibaki, mlaji ataikuta kwa jino. Seli za tiba zilizotengenezwa kutokana na seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, nazo hupimwa kwa jicho hilohilo.

Seli shina zikiongozwa ziwe, tuseme, misuli ya moyo, si zote zinazotii. Zipo zinazogeuka kitu kingine, na zipo zinazobaki seli shina vilevile. Hizi za mwisho ndizo za kuogopwa: zikiingia mwilini zinaweza kuota teratoma, uvimbe wenye mchanganyiko wa tishu kama gegedu, neva na ngozi. Piga hesabu: dozi ya seli milioni 100 iliyo safi kwa asilimia 99.9 bado imebeba seli 100,000 zisizotakiwa.

Njia iliyozoeleka ni sumaku. Seli zilizobaki shina zina alama juu yake, kama TRA-1-60 na SSEA-4, na kingamwili (protini zinazoshika alama maalumu) zilizofungwa kwenye chembe za sumaku za takribani nanomita 50 huzidaka. Kipimo cha kawaida kwa seli milioni 10 ni mikrolita 80 za bafa baridi (kimiminika cha kuhifadhia seli) na mikrolita 20 za chembe, dakika 15 kwenye friji (si kwenye barafu, maana hapo kushikana huchelewa). Kisha huoshwa na kupitishwa kwenye kibomba kilichowekwa katikati ya sumaku. Zenye alama hunasa, nyingine hudondoka chini.

Kazi nyingi huharibika kabla hata ya kufika kwenye sumaku. Trypsini, enzaimu ya kuzibandua seli kwenye chombo, ikiachwa mno huweza kukata baadhi ya alama, seli chafu ikapita bila kutambuliwa. Mabonge huponza seli njema zinazonaswa pamoja na mbaya, kwa hiyo bafa huwekewa EDTA, kemikali ya kuzuia seli kushikamana, milimola 2 kwa lita, na seli huchujwa kwa wavu wa mikromita 30. Seli zilizokufa hunata na kingamwili ovyo, na DNA inayovuja humo hugandisha jirani zake kama ute wa bamia. Enzaimu ya DNase huukata. Na joto letu la pwani halisaidii: bafa ikisahauliwa mezani, chembe huanza kushika zisizostahili.

Kwa misuli ya moyo ipo hila rahisi zaidi, nami naiona nzuri mno: njaa. Ondoa glukosi, weka laktati. Seli za moyo huila laktati na kuendelea kudunda. Seli shina, zinazotegemea glukosi, hufa ndani ya siku chache. Lakini hila hii haihamishiki ovyo kwa seli za aina nyingine.

Mwisho ni kuhakiki kwa mashine ya leza, inayokagua alama za seli mojamoja, na hapa wengi hujidanganya. Ukihesabu seli 10,000 usione hata moja chafu, takwimu bado zinaruhusu hadi 3 katika kila 10,000. Kwenye dozi ile ya milioni 100, hizo ni seli 30,000.